Dola 500 za Misumari Miwili

Ilikuwa karatasi ya matangazo ya dukani, ile inayotupwa milangoni kila wiki. Mwenye nyumba ameandika nyuma yake kwa kalamu ya bluu: usafi 180, rangi 220, zulia 45, ufunguo 40, balbu 15. Chini amepiga mstari na kuandika 500. Binti wa Mombasa aliyeketi mezani kwangu, jikoni, hapa Malvern, alikuwa ametoa dola 500 mwezi wa Septemba zikiitwa dipoziti ya uharibifu. Mwanzoni mwa Mei alipokwenda kuzidai, alipewa karatasi hiyo.

Niliijumlisha mara mbili. Makato matano, na yote yamekutana kwenye 500 bila kuzidi wala kupungua senti. Aliyeandika hakuanza na ukuta akaja kwenye hesabu. Alianza na 500, akatafuta vya kuzimaliza.

"Rangi ya nini?" nikamuuliza. Akafungua simu akanionyesha ukuta mweupe wenye matundu mawili ya misumari, moja huku na jingine kule, upana wa kanga. Ndiyo, kanga. Aliitundika wiki ya kwanza, kanga ya mamake, kwa sababu chumba cha besimenti kina kidirisha kimoja kilicho usawa wa theluji, na alitaka kitu chenye rangi cha kuamkia asubuhi. "Anti, ningejua ningeibandika kwa gundi," akasema. "Makosa ni yangu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi usiku ule. Alikuja kwangu nimsaidie kuombea ile 220 ipunguzwe iwe mia. Alikuwa tayari kabisa kubishana bei ya tundu la msumari. Kumbe hizo 500 hazikupaswa kutoka mkononi mwake tangu siku ya kwanza, na hilo hakuna aliyemwambia: si chuoni, si sisi watu wa kwetu, na wala si yule aliyezipokea.

Naandika kwa ajili ya wazazi wa Mombasa, Tanga, Kampala na Bukavu wanaouza kiwanja ili mtoto asome Kanada, na kwa ajili ya watoto wenyewe. Pia naandika kwa ajili yetu tulio hapa na besimenti za kupangisha, kwa kuwa jambo hili linatuhusu sisi kuliko tunavyopenda kukiri.

Malvern iko kaskazini-mashariki ya Toronto, upande wa Scarborough, juu ya barabara kuu ya 401. Miaka ya 1950 serikali ya shirikisho ilitwaa mashamba hapa ili pajengwe mtaa wa nyumba ambazo mtu wa kipato cha kawaida angezimudu, na familia za kwanza zikahamia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leo ni mtaa wa Watamil, Wakaribi, Wafilipino, Wahindi, na sisi wa Afrika Mashariki tuliotapakaa katikati yao. Karibu na hapa kuna tawi la Scarborough la Chuo Kikuu cha Toronto, kule Military Trail, na kampasi za Centennial, chuo cha kwanza cha aina yake Ontario, kilichofunguliwa mwaka 1966. Mwisho wa Agosti basi la 133 la barabara ya Neilson hujaa masanduku. Nyumba nyingi za mtaa huu zina mlango wa ubavuni unaoshuka chini, na nyuma ya milango hiyo ndiko wanakoishi wanafunzi, wawili, watatu, watano, kila mmoja na kitanda chake na kodi yake.

Sasa sheria. Ontario ina Sheria ya Upangaji wa Makazi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, amana ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kushika kwa ajili ya makazi ni ya aina moja tu: kodi ya mwezi wa mwisho. Isizidi kodi ya mwezi mmoja, na kazi yake ni kulipia mwezi ambao mpangaji anakaa kabla ya kuondoka. Haiguswi kwa rangi, wala zulia, wala paka, wala usafi. Ufunguo unaweza kuwekewa amana yake, mradi irudishwe ufunguo ukirudi na isizidi gharama halisi ya kutengeneza mwingine. Dipoziti ya uharibifu, kwa jina lolote itakaloitwa, hairuhusiwi. Kuipokea tu tayari ni kuvunja sheria, hata kama mwenye nyumba amekusudia kuirudisha yote.

Kwa hiyo ile karatasi ya kalamu ya bluu haikuwa hesabu mbaya ya kitu halali. Ukikaa kubishana kwamba tundu la msumari si la dola 220, umekwisha kukubali kwamba mwenye nyumba ana haki ya kushika fedha na kuzikata, na unagombea kiasi tu. Vijana wengi ninaowaona hupotelea hapo. Hujieleza sana. Hupiga picha za choo walichokisugua, huomba msamaha kwa doa, kisha hupewa mia moja na kushukuru.

Mwenye nyumba aliyeharibiwa mali kweli hakuachwa hivihivi. Mpangaji anawajibika kwa uharibifu alioufanya makusudi au kwa uzembe, yeye au mgeni wake, na anawajibika kuweka chumba katika usafi wa kawaida. Uchakavu unaotokana na mtu kuishi tu, zulia kulala, rangi kufifia, si deni lake. Mwenye madai hulipeleka shauri lake kwenye Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, ambalo wengi hulitaja kwa herufi zake, LTB, na huko huonyesha picha na risiti. Tangu Septemba 2021 anaweza hata kumfuata mpangaji aliyekwisha kuhama, ndani ya mwaka mmoja. Sheria inachokataa ni yeye kulalamika, kujihukumia na kujilipa jioni moja, kwa fedha ambazo tayari ziko mfukoni mwake.

"Lakini nilitia sahihi, anti." Hili naambiwa na kila mmoja. Mkataba wake ulisema wazi kabisa: dola 500, zitarejeshwa baada ya ukaguzi. Sheria inajibu kwa ufupi kwamba kifungu cha mkataba kinachopingana nayo ni batili. Hakina nguvu hata kama umekisoma, umekielewa na umekitia sahihi mbele ya mashahidi. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 30 Aprili 2018 upangaji mwingi wa Ontario unatakiwa kuandikwa kwenye fomu ya mkataba iliyotolewa na serikali ya mkoa. Fomu hiyo inasema yenyewe ni amana gani inaruhusiwa. Mwenye nyumba anayekupa karatasi aliyoichapa mwenyewe badala ya fomu hiyo amekupa sababu ya kusoma mara mbili.

Kuna mambo mengine ambayo vijana hushangaa nikiwaambia. Ile kodi ya mwezi wa mwisho inazaa riba, nayo ni ya mpangaji, kila mwaka, kwa kiwango kilekile ambacho serikali imeruhusu kodi kupandishwa: asilimia 2.5 kwa miaka 2023, 2024 na 2025, na 2.1 kwa 2026. Kwa kodi ya dola 850, asilimia 2.5 ni dola 21 na senti 25. Ni kidogo, ndiyo. Lakini mwenye nyumba asipoilipa, mpangaji anaruhusiwa kuipunguza kwenye kodi inayofuata, na mimi hupenda waidai hata kama ni ya kununulia chai, kwa kuwa anayeidai amekwisha kujua fedha hizo ni za nani. Risiti ni haki yako na ni bure ukiiomba. Na ukilipia chumba kabla ya kufika, kisha chumba hakikupatikana, amana yako yote inarudi.

Kuhusu kulipa mbele. Mwanafunzi mgeni hana historia ya mikopo Kanada, kwa hiyo huambiwa alete kodi ya miezi minne au sita mara moja. Mwenye nyumba haruhusiwi kudai hivyo. Ila kuna hukumu zilizotofautisha kodi iliyodaiwa na ile ambayo mpangaji aliitoa mbele kwa hiari yake. Ndiyo maana nawaambia: usimwandikie mtu ujumbe wa kuomba kulipa miezi sita kama si wewe uliyeomba. Ujumbe huo utasomwa siku nyingine, mbele ya mtu mwingine.

Binti wa Mombasa alikuwa ameuliza ushauri kabla ya kuja kwangu. Alimpigia binamu yake Calgary. Binamu akamwambia dipoziti ni kitu cha kawaida Kanada, hata yeye alilipa, kitu muhimu ni ukaguzi wa kuingia na wa kutoka. Hakumdanganya. Alberta inaruhusu amana ya uharibifu hadi kodi ya mwezi mmoja, na ukaguzi wa mwanzo na wa mwisho ni sehemu ya sheria yao. British Columbia inaruhusu nusu ya kodi ya mwezi. Quebec hairuhusu kabisa. Shangazi aliyeko London naye angemweleza habari nyingine: Uingereza tangu Aprili 2007 amana ya mpangaji lazima iwekwe chini ya mfumo wa ulinzi uliotambuliwa na serikali, na tangu Juni 2019 nyumba nyingi zisitozwe amana kupita kodi ya wiki tano. Kila jamaa anasema kweli ya kwake, na mtoto anabaki na kweli ambayo si ya Malvern.

Na sisi wenyewe tumekuja na mazoea yetu. Mtu aliyesoma Nairobi anajua kwamba ukihama, dipoziti huishia kwenye rangi, na wengi hukaa mwezi wa mwisho bila kulipa ili wasiidai. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi inalinda nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na nyumba hizo leo utazitafuta kwa tochi. Tanzania ilifuta sheria yake ya kudhibiti kodi mwaka 2005. Anayetafuta chumba Sinza au Changanyikeni karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hukutana na kodi ya miezi sita au mwaka, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Mtoto aliyetoka huko akifika Malvern akaambiwa atoe mwezi wa kwanza, wa mwisho na 500 za uharibifu, huona amepata nafuu. Hashtuki. Anashtuka vipi, na kwao ni zaidi?

Pamoja na hayo kuna jambo ambalo sheria haina neno nalo. Mwenye nyumba wa binti huyu ni mtu wa kwetu. Sitamtaja, na hakuna haja. Anasali, anasaidia kwenye misiba, na binti alipotua uwanja wa ndege yeye ndiye aliyempelekea koti. Binti humwita Anko. Mke wa Anko naye, binti humwita Mama. Siku alipotia sahihi alikuwa amekalishwa kwenye kochi, amewekewa sahani ya pilau, simu ya mamake iko hewani kutoka Mombasa, mama anashukuru na kusema, "Mwanangu nimekukabidhi wewe, ndugu yangu." Katika hali ile nani angeuliza kifungu cha sheria? Kuuliza tu kungekuwa utovu wa adabu. Na miezi minane baadaye, kudai kungekuwa kumshitaki mjomba.

Nimelifikiria sana hili. Lugha yetu haina mtu mzima asiye na cheo cha undugu, nami sitaki tuache hilo hata siku moja. Nisipoitwa anti katika nchi hii nitakuwa mzee tu kama wazee wengine. Lakini undugu huu tunaopewa bure na watoto wa watu una masharti yake, na lile la kwanza tulifundishwa utotoni: amana hurudishwa. Neno lenyewe, amana, ni kitu cha mtu ulichowekewa, kikae kwako kama kilivyo mpaka mwenyewe akija. Hakikatwi. Aliyewekewa amana akaitumia, kwetu ana jina, nalo si jina la anko. Kwa hiyo mtoto anapomwambia mwenye nyumba "Anko, naomba fedha zangu," hajavunja undugu. Ulivunjika siku karatasi ya matangazo ilipoandikwa nyuma.

Nasema haya nikijua ninachokisema, maana mimi pia nilifanya. Mwaka 2014, mwaka wa pili baada ya kununua nyumba hii, nilimpangisha msichana wa Uganda chumba cha chini na nikachukua dola 300 za uharibifu. Sikujua kama ni kosa. Nilifanya walivyofanya waliokuwa wakinipangisha mimi. Alipohama nilimkatia 120 kwa sababu ya jiko lililobabuka rangi kando ya sahani ya moto. Mwaka uliofuata nilihudhuria mkutano wa wapangaji na wenye nyumba, nikiwa nimeenda kama mwenye nyumba, na wakili kijana akasema ile sentensi moja: mwezi wa mwisho, na si kitu kingine. Nilihisi joto usoni. Nilirudi nyumbani nikamtafuta yule msichana, akiwa amehamia Ottawa, nikamtumia 120 na barua ya kuomba radhi. Alinijibu kwa shukrani nyingi mno, kana kwamba nimempa sadaka, akasema Mungu anibariki kwa ukarimu. Ukarimu! Fedha zilikuwa zake. Majibu yale yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa mwanafunzi, 500 si fedha ya kupuuza. Tangu Novemba 2024 mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki wakati wa masomo. Kwa kima cha chini cha mshahara cha Ontario, ambacho Oktoba 2025 kilifika dola 17.60 kwa saa, saa zote hizo 24 hazifiki 500 hata kabla ya makato ya kodi. Kwa mzazi wa Mombasa ni zaidi ya shilingi 40,000. Na mzazi huyo alikwisha kukamuliwa: tangu Januari 2024 mwombaji wa kibali cha masomo alitakiwa aonyeshe angalau dola 20,635 za kujikimu mwaka wa kwanza, mbali na ada, badala ya 10,000 za zamani, na Septemba 2025 kiwango kikapandishwa tena hadi 22,895.

Sasa nije kwenye tundu la sheria yenyewe, ambalo ni kubwa kuliko matundu ya misumari.

Sheria hii ya mwaka 2006 haimhusu anayelazimika kutumia jiko au bafu pamoja na mwenye nyumba, au mume au mke wake, mtoto wake au mzazi wake, ikiwa huyo anaishi katika jengo hilo. Mtu huyo mbele ya sheria si mpangaji kwa maana yake kamili. LTB haitasikiliza shauri lake. Aende Mahakama ya Madai Madogo akiwa na mkataba wake mkononi. Binti wa Mombasa aliokolewa na jiko. Anko na familia yake wanapika juu, na besimenti ina jiko lake dogo na bafu, wanalotumia wanafunzi watatu. Angekuwa amepewa chumba cha juu, akawa anachemsha uji kwenye jiko la Mama, fedha zilezile, mkataba uleule, angekuwa na kinga ndogo mno. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila kijana siku hizi si "kodi ni kiasi gani" bali "nani anapika na nani?" Na wapo wenye nyumba waliokwisha kulijua hilo, wanaodai kwamba kaka yao anaishi besimenti na anatumia jiko la wanafunzi. Kaka hayumo katika orodha ya sheria.

Naelewa kwa nini kifungu hicho kipo. Mtu anayekaa na mgeni meza moja asifungwe mikono asiweze kumtoa ugomvi ukizuka. Nyumba ni mahali pa siri za watu. Nakubali hilo kwa habari ya kumtoa mtu. Kwa habari ya fedha silioni. Kutumia sufuria moja kunahusu nini na kushika dola 500 za mtoto wa mtu? Kinga ya amana, pamoja na haki ya risiti, zingeweza kupanuliwa kwa wote wanaolipa kodi, jiko moja au majiko mawili, na mwenye nyumba asipoteze chochote kilicho chake. Bunge la Ontario linaweza kufanya hivyo kwa aya moja. Wabunge wa Scarborough wanaokuja kwenye sherehe zetu kula sambusa waulizwe aya hiyo.

Wapo pia wanaonyamaza kwa woga. Hadi tarehe 31 Machi 2024 nyumba za kupangisha chumba kimojakimoja kwa watu wengi zilikuwa haramu Scarborough. Tangu siku hiyo zinaruhusiwa Toronto nzima kwa leseni. Nyingi bado hazina. Mwanafunzi anaogopa kwamba akidai 500, mkaguzi atakuja, nyumba itafungwa, na yeye na wenzake watalala nje. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini ajue kwamba kukosa leseni ni kosa la mwenye nyumba, na mpangaji wa nyumba isiyo na leseni bado ni mpangaji mwenye haki zake. Na nyumba hizo si salama. Mei 2018, jirani na tawi la chuo kikuu hapa Scarborough, mwanafunzi wa miaka 18 alikufa kwa moto katika nyumba iliyokuwa ikipangishwa vyumba bila kibali. Kila nikishuka ngazi za besimenti ya mtu hutazama kwanza king'ora cha moshi, kisha mlango wa pili.

Na LTB yenyewe? Njia ni fomu T1, maombi ya mpangaji kurudishiwa fedha. Ada ni karibu dola 50, na mwenye kipato kidogo huomba asamehewe. Mwisho wa kuwasilisha ni mwaka mmoja tangu fedha zichukuliwe au kushikwa isivyo halali, kwa hiyo anayekaa chumba kimoja miaka mitatu asingoje siku ya kuhama. Mashauri mengi husikilizwa kwa video. Ila husikilizwa lini? Mei 2023, Msimamizi wa malalamiko ya wananchi wa Ontario, Paul Dubé, alitoa ripoti kali kuhusu baraza hilo, akieleza mrundikano wa maombi zaidi ya 38,000. Mwanafunzi wa kozi ya mwaka mmoja anaweza kumaliza masomo, kubadili kibali na kuhama mkoa kabla ya kusikilizwa. Wenye nyumba wabaya wanalijua hilo vizuri kuliko kifungu chochote. Wanategemea kalenda.

Kwa hiyo kazi kubwa ni ya kabla ya Septemba. Ningependa kila mwanafunzi anayefika asikie kuhusu mwezi wa mwisho siku ileile anayochukua kitambulisho cha chuo, kwa sauti, si kwa kijitabu. Ningependa misikiti na makanisa yetu yatangaze Agosti kama yanavyotangaza harusi. Kule barabara ya Markham kuna Scarborough Community Legal Services, kliniki ya sheria isiyotoza mtu wa kipato cha chini. Namba yake iandikwe kwenye kila kundi la simu la wageni, kabla ya namba ya mwenye chumba. Na anayetaka kuhama mwisho wa Aprili aandike notisi, siku 60, kabla Februari haijaisha, hata kama mkataba umesema unaisha Aprili. Ontario mkataba ukiisha upangaji unaendelea mwezi kwa mwezi, na aliyeondoka kimya anaweza kudaiwa kodi halali kabisa.

Binti wa Mombasa alikuwa ameandika notisi yake kwa wakati. Tuliandika barua ya pili pamoja, hapohapo jikoni, kwenye kompyuta yake. Nilimtajia vifungu: cha 105 kuhusu amana, cha 4 kuhusu mikataba batili, cha 135 kuhusu kudai kurudishiwa. Kuhusu ufunguo alinikatiza. Ufunguo aliupoteza kweli, Januari, kwenye theluji, na akataka iandikwe kwamba yuko tayari kulipa gharama yake akionyeshwa risiti. Nilimwambia halazimiki kulitanguliza. Akasema anajua, na akaliandika.

Barua ilianza na "Anko, shikamoo." Hilo nilitaka kulitoa, nikaona linapunguza makali. Akaweka kidole juu ya neno kwenye kioo cha kompyuta, nisije nikalifuta. "Alinipelekea koti uwanja wa ndege," akasema. "Ni anko wangu. Na 500 ni zangu."

Tuliituma Jumanne, tukampa siku 14. Leo ni ya sita. Fomu T1 imekwisha kujazwa, iko juu ya friji yangu, na picha ya ukuta wenye matundu mawili imechapwa na kubanwa nayo.